Buli la Kahawia la Mama

Milimani, nyuma ya Almería, Hispania
3 Oktoba 1998

Mdogo wangu Doreen,

Hujambo? Na magoti yako yanasemaje na baridi ya Keighley? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu tumzike mume wangu Desmond.

Nakuandikia kwa ajili ya chai. Maji ya huku yana chokaa, chai inaota ngozi juu kama rangi iliyosahauliwa koponi. Maziwa ni ya boksi. Jana nilikwenda mkahawani kwa Eusebio nikaagiza chai. Akaniinamia kwa huruma: "Bibi Muriel, tumbo tena?" Huku chai ni ya wagonjwa. Akaniletea glasi ya maji vuguvugu, na kifuko cha majani ya chai pembeni kwenye kisahani, kama kitu kilichookotwa.

Nitumie majani yale makali ya nyumbani. Na uniambie, chumba changu cha nyuma bado ni kitupu? Nataka kurudi. Nikae na wewe, tunywe chai ya buli la mama, na nikifa nifie kwetu Yorkshire.

Dada yako,
Muriel

Keighley
20 Oktoba 1998

Dada Muriel,

Salamu zimefika. Magoti yananiuma, asante kwa kuyakumbuka baada ya miaka yote hiyo. Pole tena kwa msiba.

Majani hayo. Pasha buli moto kwanza, maji yawe yanatokota, yaache majani yakolee, na usikoroge kama mpika uji. Ulipoondoka ulituambia chai yetu ina rangi ya maji ya mfereji. Leo mfereji umekuwa mtamu?

Huku ni mvua tu.

Mdogo wako,
Doreen

Almería
15 Novemba 1998

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Ulimi wako, naona, hauna ugonjwa wowote.

Nimepata chemchemi juu ya kijiji, maji yake laini. Eusebio alinibebea dumu huku akinitania: "Mlima wote huu kwa kikombe kimoja! Nyie Waingereza hamna dini, mna chai." Ladha ilikaribia, Doreen. Lakini buli langu ni jipya, halina ule utando mweusi wa chai ya miaka mingi ndani. Unakumbuka shangazi Hester alipolitia sabuni buli la mama? Mama akafoka: "Umeniosha miaka yangu yote, Hester!" Hawakusemezana mpaka Pasaka.

Hukunijibu kuhusu chumba. Nimeshamdokeza mwenye nyumba kwamba nitahama. Nijibu.

Dada yako,
Muriel

Keighley
26 Februari 1999

Dada Muriel,

Hujambo. Mimi naendelea. Nimekawia kwa sababu nilikuwa nahama. Nyumba ya mama nimeiuza. Nimepanga kajumba karibu na mwanangu Clive, na hakana chumba cha nyuma.

Buli la mama hilo kwenye kifurushi. Nimelisugua kwa magadi mpaka limekuwa kama limetoka dukani, na usidhani ni bahati mbaya. Mwaka wa mwisho wa mama, kila alasiri alitaka nimimine kikombe cha tatu. "Cha Muriel. Yuko njiani." Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, na kikombe chako kikipoa mezani. Akisinzia nilikinywa, ili akiamka asikikute kimejaa.

Kwenye mazishi yake ulituma kadi.

Mdogo wako,
Doreen

Almería
21 Machi 1999

Doreen, mdogo wangu,

Natumaini kajumba kana joto, na kwamba Clive anakuja kukuona.

Buli limefika zima, hata mdomo haukumeguka. Eusebio alilishika kwenye mwanga. "Zuri hili! Jipya?" Nikamwambia ndiyo. Mwenye nyumba naye nimemwambia nabaki.

Nilipasha, nikatia majani yako, nikamimina maji ya chemchemi. Chai ilitoka nzuri kabisa, kama ya nyumba ya watu nisiowajua. Nilijaza vikombe viwili. Kimoja nilikinywa. Cha pili nilikiacha mezani mpaka alasiri ikaisha, kisha nikakinywa chote.

Sijui ulikuwa ukiwezaje kila siku.

Dada yako,
Muriel