Neema na Musalaba wa Mawe

Yaya, mukubwa wangu, Neema wetu ndiye amepewa kutengeneza upya musalaba wa zamani wa Waingereza! Wa mawe kabisa, umesimama katikati ya kijiji tangu mbele ya koko za koko zao, bibi na babu wa kale! Mafundi wazungu walikuwepo, wakachagua mutoto wangu. Wewe uliyekataa asiguse kaburi la mama, soma hii polepole.

Bon, sasa nikusalimie. Kifua kinaendeleaje? Mvua imetuliza vumbi la Goma? Miye huku ng'ambo, hapa Ganshoren, niko muzima, magoti tu yanalalamika.

Juma lililopita nilipanda treni, nikapita chini ya bahari, nikaenda kumuona Neema kazini kwa Waingereza. Yaya, kijiji kile ni kama cha ndotoni. Ukungu umelala juu ya majani, kondoo wanaonekana, wanapotea. Halafu musalaba ukatokea peke yake, kama muntu anayengojea wageni. Ngazi zake zimelika katikati kwa magoti ya watu wa zamani. Niliweka mukono pale, sikujua tena niko wapi. Nyundo ya Neema ilikuwa inalia ti, ti, ti, nami nikatuona kando ya barabara, mama, wewe na miye, tunaponda mawe ya volkano ya kuuza.

Donc, unajua nilifanya nini? Nikaokota vipande vyote vilivyoanguka, nikavitenga: vikubwa huku, vidogo kule, tayari kwa ndoo. Neema akacheka mpaka akashika mbavu.

"Maman, huku hatuuzi kokoto!"

Muzee mumoja wa pale akauliza nani alimufundisha huyu binti kupenda mawe. Nikamuonyesha vidole vyangu vilivyopindwa na kuponda mawe. Akavua kofia, Yaya! Mbele yangu miye!

Alors, Neema bado anataka kumuchongea mama musalaba wa jiwe jeusi la kwetu. Ulisema mawe ndiyo yalimuua, yasimulalie tena. Nilimuambia hivyo. Akanijibu:

"Mwambie mama mukubwa, halitamulalia koko. Litasimama pembeni. Na yeye ndiye atapiga nyundo ya kwanza."

Ukikataa, nyundo itabaki ndani ya sanduku, sitakupita wewe mukubwa wangu. Lakini tunakuja, tutapitia Kigali. Salimia shemeji, bwana yako, na binti yako muuguzi, na padiri aliyemuzika mama.

Miye mudogo wako, Mama Neema. Waambie wote waje makaburini asubuhi, samedi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane.