Kadi ya Julai kwenye Friji ya Mjomba

Nyumba Na. 14, Njia ya Ocotillo,
Agua Quieta, Arizona.
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Mpendwa binamu yangu Karna,

Kwa heshima na taadhima, na kabla hata sijakusalimu, natangaza yafuatayo: Kamati ya Kokoto na Mandhari ya kijiji chetu cha wastaafu, iliyoketi tarehe kumi na tisa mwezi huu mbele ya wajumbe watano na feni mbili, imeamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba lile ghala la nafaka la mapambo, la mbao, jekundu, linalofika magotini, ambalo baba yako alilisimamisha uani kwake bila kibali, linaruhusiwa kubaki. Miaka minne ya barua za onyo imekwisha. Mshindi hakuwepo, kwa hiyo nilipiga makofi mimi, peke yangu, mpaka mwenyekiti akaniomba niketi.

Baada ya tangazo hilo zito, salamu. Hujambo? Shemeji Wendell na mgongo wake hawajambo? Brita amesharudi chuoni? Sisi hatujambo. Ardith wangu ana mafua, sijui ameyapata wapi katika joto hili. Mimi nimenenepa. Nina miaka hamsini na minane na hapa bado wananiita kijana, kwa hiyo nikishindwa kuinama kufunga kamba za viatu nawaambia ni mambo ya ujana.

Watu wakiniuliza najisikiaje tangu mjomba afariki, nawajibu kwamba ni joto. Huku jibu hilo linatosha, hakuna anayeendelea kuuliza.

Umeuliza mambo matatu: nyumba itauzika lini, mzee aliishije kiangazi hiki, na ile kadi ya ukaguzi wa nyumba, ya kwenye friji, niliyokutumia pamoja na vitu vyake. Nitakwenda kwa mpangilio huo huo. La tatu nimelisoma mara nyingi. Umesema pembeni ya tarehe 3 Julai baba yako ameandika "Mwangalizi kashindwa mara mbili," na pembeni ya tarehe 10 ameandika "Mwangalizi kamaliza biskuti," lakini tarehe 17 hakuandika neno, ilhali alama yangu ya "sawa", mimi mwangalizi wa nyumba yake, ipo. Unataka kujua alikuwaje siku ile. Nitakujibu. Niache nianze na nyumba.

Ardith anasema, na yeye ni dalali wa miaka kumi na sita hapa, kwamba Agosti haina wanunuzi. Ina waliopotea njia na ina wenye haraka. Watu wa kwenu kaskazini ndio wanaopandisha bei, na hao hawarudi mpaka Novemba. Sasa hivi nyumba saba kati ya kumi katika njia yetu zimefungwa, na vibao vya "Inauzwa" vimepauka mpaka namba ya simu haisomeki. Chako Ardith amekipaka rangi upya mara mbili.

Wiki iliyopita alileta mume na mke kutoka Iowa. Alitangulia saa mbili kabla yao kuwasha kiyoyozi kipya, wasije wakazimia sebuleni. Yule mke akashika kitasa cha mlango, akaruka.

"Hii ni nyumba au ni oveni?"

"Oveni ina taa ndani," mumewe akasema. "Hii hata taa sijaiona."

Wakazunguka. Bwana akapiga piga kuta kwa kidole kama anayenunua tikiti maji. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyefia humo. Ardith hakusita, akasema ndiyo, mwezi uliopita.

"Alikuwa mzee?"

"Themanini na mbili."

"Basi hapo hamna neno," yule mama akasema. "Hata sisi ndicho tunachokuja kufanya. Na lile ghala jekundu linakuja na nyumba?"

Wametaja bei. Ni ya Agosti, haina aibu hata kidogo. Ardith anakushauri usubiri Novemba, na mimi nakushauri umsikilize Ardith. Ukitaka kuipangisha kabla ya hapo, mpangaji wa kiangazi atalipa theluthi ya wa majira ya baridi, na ataacha nywele za mbwa. Siku ile ile, Ardith akiandika orodha ya vitu vilivyomo, aliniuliza: "Kadi ya friji iko wapi?" Nikamwambia nimemtumia Karna. "Yote?" Nikasema yote.

Sasa habari za mzee. Wewe alikuambia amebaki kwa sababu daktari anataka kumwona mwezi Juni. Hakukuwa na daktari. Mwezi wa nne alikwenda kuongeza muda wa leseni ya gari, wakamwonyesha herufi ukutani, naye, kwa maneno yake mwenyewe, akawauliza ukuta uko wapi. Wakaichukua leseni hapo hapo. Hakumwambia mtu. Majirani walimfanyia sherehe ya kumuaga, kama kila mwaka anapoendesha gari kuja kwenu Saskatoon kukimbia kiangazi. Bi Trudy Ostrander wa ng'ambo ya njia alioka keki ya limau, wakampa na ule mto wa kuvaa shingoni safarini. Akaukumbatia, akashukuru, akaingia ndani akabandika karatasi za kung'aa kwenye madirisha yote kama mtu anayefunga nyumba. Kisha akabaki humo humo.

Alhamisi ya pili ya Mei niliingia kwa ufunguo wangu, na ndoo ya maji mkononi, maana nyumba tupu lazima uiwekee maji vyumbani, la sivyo meza na makabati yanapasuka kwa ukavu. Giza tupu. Nikasikia sauti kutoka kwenye kiti chake.

"Vua viatu."

Karna, niliitupa ndoo. Maji yote yakanirudia kwenye suruali.

"Mjomba! Si ulisafiri?"

"Nimesharudi."

"Lini?"

"Kabla sijaondoka."

Nikamwambia apande ndege, nitamsindikiza mwenyewe mpaka Saskatoon. Akasema, "Nifike kama kifurushi? Karna anipokee kwenye mkanda wa mizigo?" Nikamwambia basi angalau tuwaambie majirani. Hapo ndipo aliponikatalia kabisa. Miaka kumi na tisa alikuwa anawacheka wanaobaki kiangazi. Wale wa kukaangwa, ndivyo alivyotuita, mimi nikiwa mmoja wao. Kubaki huku Julai ni kwa asiye na pa kwenda, na yeye hakutaka Trudy amwangalie kwa macho hayo. "Keki yao nimeila," alisema. "Siwezi kuirudisha."

Nikaahidi kunyamaza. Kila Alhamisi nilimletea maziwa, supu za makopo na biskuti za tangawizi, nikavuta maji kwenye vyoo viwili kwa mazoea, ijapokuwa kimoja alikuwa anakitumia mwenyewe, kisha tukacheza karata chini ya taa moja ya mezani. Alikuwa anaziona kwa kioo cha kukuzia, na bado alikuwa ananishinda. Kiyoyozi alikiacha kwenye nyuzi thelathini, kipimo cha nyumba tupu, ili Trudy asisikie mashine ikinguruma. Nilimwambia ashushe. Akasema nyumba tupu haisikii joto. Nilicheka. Naona leo kwamba nilicheka.

Alikutaja kila wiki, hilo usilitilie shaka. Alisema una mkono mzito kwenye chumvi kama mama yako.

Wasalimie wote: Shemeji Wendell, Brita, na Anselm mdogo, mwambie kofia ya babu yake nimeiweka, nitamletea mwenyewe. Msalimie Shangazi Solveig kama bado ananikumbuka, na kama hanikumbuki mwambie mimi ni yule aliyevunja kiti. Mungu awape mavuno mema na baridi isiyo na hasira.

Hapo nilikuwa nimeshatia sahihi. Nikaikunja barua, nikatafuta bahasha, kisha nikaikunjua. Umeuliza mambo matatu na nimejibu mawili.

Sisi waangalizi wa nyumba tunatakiwa tuandike tarehe, saa na ile alama tukiwa tumesimama ndani ya nyumba yenyewe. Mimi nina nyumba thelathini na moja. Tarehe mosi Julai niliketi kwenye meza ya jikoni na kalamu mbili, nikajaza kadi zote kwa mwezi mzima. Hubadilisha kalamu katikati ili zionekane siku tofauti. Saa huandika tatu na dakika saba, au nne kasoro kumi na moja, kwa sababu saa kamili haiaminiki. Wenzangu wengi hufanya hivyo. Sisemi ili kujitetea, nasema ili ujue ile alama inatengenezwaje.

Mzee alijua. Tarehe 3 nilipoibandika kwenye friji, aliibandua, akaisogeza puani na kioo chake.

"Lowell, tarehe 31 choo changu kitakuwa sawa?"

"Panapo majaliwa, mjomba."

"Kumbe dada yangu alizaa nabii. Na mimi nitakuwa sawa?"

"Hilo halina nafasi kwenye kadi."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanigawia karata.

Alhamisi tarehe 17 sikwenda. Sikuwa mgonjwa. Gari halikuharibika. Nje kulikuwa na nyuzi arobaini na saba, na mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi natazama watu wanashindana kupamba keki kwenye televisheni. Nilijiambia nitakwenda jioni. Jioni nikajiambia mzee ana supu, na kadi imeshajazwa. Nilifikiri hivyo hasa, Karna, kwamba kadi imeshajazwa. Ijumaa sikufikiri chochote.

Jumamosi asubuhi nilifungua friji yangu nikaona maziwa yake. Nikaenda nayo.

Fundi alisema kiyoyozi kiliungua Jumatano mchana. Daktari alisema mzee alifariki Ijumaa, pengine mapema. Kati ya hapo kuna Alhamisi nzima. Alikuwa kwenye kiti chake, amevua shati, ameliweka vizuri juu ya mgongo wa kiti. Miguu yake ilikuwa ndani ya ndoo yangu ya maji. Simu ilikuwa kwenye chaja, karibu na mkono. Nimeiangalia: hakumpigia mtu. Trudy alikuwa nyumbani siku zote tatu, hatua thelathini kutoka pale, lakini kwa Trudy yeye alikuwa Saskatoon. Mimi hakuwa na haja ya kunipigia. Ilikuwa Alhamisi, alijua nakuja. Mezani karata zilikuwa zimegawiwa watu wawili.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sijui alikuwaje tarehe 17. Hakuandika kitu kwa sababu sikuwepo anitanie. Kwenye simu nilikuambia nilimwacha Alhamisi ana furaha. Hiyo ilikuwa tarehe 10.

Umeniandikia kwamba ile alama inakufariji, kwamba unaiweka kando ya kitanda. Nimejaribu kuiacha ikufariji. Mwezi mzima sasa nimejaribu. Nalala vizuri, nakula vizuri, natania watu kwenye kikao cha kokoto, na sijalia hata mara moja, na Ardith ameanza kuniangalia. Nitamsomea barua hii kabla sijaipeleka posta, naye atakuwa wa pili kujua, baada yako, ingawa wewe utaisoma baadaye.

Kama utaona chini ya kadi uliyonayo pamekatwa kwa mkasi, ni mimi niliyekata, usiku ule kabla ya kufunga sanduku la vitu vyake. Kipande chenyewe kimo ndani ya bahasha hii, upana wa vidole viwili. Kina alama mbili kwa mwandiko wangu, kwa kalamu ya pili. Alhamisi tarehe 24, saa nne kasoro kumi na moja: maji, vyoo, kiyoyozi, sawa. Siku hiyo mimi na Ardith tulikuwa tunamchagulia suti. Alhamisi tarehe 31, saa tatu na dakika saba: sawa. Siku hiyo wewe ulikuwa unamzika kando ya mama yako.

Ni mimi, binamu yako, ninayekupenda hata ukiacha kuniandikia,

Lowell