Pointi Tatu Kwenye Kioo cha Baba

Mtaa wa Kisimani,
Ain Zarrouk, Tunisia.
17 Mei 2014

Mpendwa kaka Mongi,

Hujambo huko Marseille? Wifi na watoto wazima? Na lile goti, limepoa? Sisi tunamshukuru Mungu, ila joto limeanza mapema na mtu unafanya kazi huku umesinzia. Mama anasema umekonda kwenye picha. Sikubishana naye.

Kaka, nina jambo, na wiki nzima nimelizunguka nisijue nianzie wapi. Naanzia kwenye kioo.

Unakijua kile kioo kikubwa cha baba pale kinyozini. Bado anaandika msimamo wa ligi juu yake kwa kipande cha sabuni, timu zote kumi na nne, na mteja akikaa kunyolewa anauona uso wake katikati ya majina. Nikipeleka chai asubuhi, jua likishapiga pale, husimama tu nikatazama. Naiona Hilali yetu kama inaelea. Baba hunigombeza kwamba chai inapoa.

Wiki mbili zilizopita mtoto wa jirani yetu Naziha alikuwa bwana harusi. Wakamleta kunyolewa kwa ngoma na vigelegele, na kama kawaida baba akakifuta kioo chote kwa maji ya maua ya michungwa, bwana harusi asije akajitazama ana timu usoni. Kesho yake akauandika msimamo upya kutoka kichwani, bila gazeti. Hilali ikawa na pointi thelathini na tano. Mtaa mzima ukashusha pumzi, hatushuki daraja. Ferjani, anayeuza tiketi kwenye duka lake la tumbaku, akabaki nazo mkononi.

Wiki iliyopita Ferjani akaja na gazeti. Pointi ni thelathini na mbili, na tusiposhinda mechi ya mwisho tumeshuka. Wazee wakaanza kumtania baba kwamba sabuni imemlevya. Nilikuwepo, nakusanya glasi. Baba hakucheka.

"Na ile ya mvua je?" akawauliza. "Mongi alipofunga kwa kichwa dakika ya mwisho. Hiyo mmeipeleka wapi?"

Kaka, ile mechi ya mvua ina miaka ishirini na miwili.

Ferjani akalikunja gazeti polepole. "Kweli, Haji," akasema. "Hiyo niliisahau."

Nilitoka na glasi zangu nikalia uani. Tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa kile kioo. Nje watu wanaujua ukweli, na tiketi zimegombaniwa mpaka zimekwisha. Wakiingia kunyolewa tuna thelathini na tano, na hata Hamma, mbishi yule, anafunga mdomo.

Wembe wake hautetemeki, usiwe na wasiwasi na hilo. Jina langu bado analikumbuka, siku zilizo nyingi. Lakini alinunua tiketi mbili, upande wa kivuli. Nikamtania, tangu lini Mama anajua mpira? Akanishangaa. Akasema ya pili ni yako, kwa kuwa goti linakuuma, safari hii huchezi, utakaa naye.

Nimeitia humu ndani ya bahasha. Mechi ni Jumapili tarehe 8 Juni, saa kumi jioni. Miaka tisa hujaja, na siwezi kusema sikulaumu. Nakulaumu, tena sana, ila njoo kwanza, tutagombana baadaye.

Hilali wakishinda watatimiza thelathini na tano, na baba atakuwa hajakosea. Hizo tatu tuwaachie wachezaji. Kiti cha pembeni yake ndicho ambacho hakuna awezaye kukikalia ila wewe.

Wasalimie sana wifi na watoto. Mama anakusalimu, shangazi Jouda pia, na Ferjani anasema tiketi hii hairudishwi. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, ukute baba bado anakungoja na anajua ni wewe.

Dada yako akupendaye na kukukasirikia,
Shadlia