Mshahara Niliomtajia Baba Mkwe

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hapa Durban tuko wazima. Shangazi yako amefungua saluni mtaa wa Sydenham. Unauliza kwa nini huko Amerika jimbo na mji vyote vinakata mshahara wako. Eish, hata mimi sielewi.

Zamani, nilipopata kazi kule kwetu Bukavu, nilimtajia baba wa bibi yako mshahara wote niliopangiwa, nikaahidi mahari. Siku ya malipo nikamfikia na pesa pungufu.

"Ingine iko wapi?" akauliza.

"Serikali imekata, na jimbo pia."

Akanitazama, amechanganyikiwa kama mimi. "Na wao wanaoa?"

Tukacheka. "Siku ingine utaje ile inayofika mkononi," akasema, akapokea zile pesa pungufu.

Bibi yako angali ananiuliza jimbo lilioa nani.

Babu yako