Glavu za Kocha Gavrilă Butnaru

Mwaka umezunguka, Mzee wetu, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya ukungu ukaiacha chai yako ikipoa mezani. Kiti chako kando ya jiko hakuna anayethubutu kukikalia, isipokuwa paka, ambaye hata ulipokuwa hai hakukuheshimu.

Asubuhi ulichimba makaa ya mawe, jioni ulilinda lango la timu ya wachimbaji, na kila mpira ulioudaka ulibaki na alama za vidole vyako. Kabla ya mechi uligonga milingoti yote miwili kwa kisigino, kisha ukaubusu wa kushoto, maana kushoto ndiko ulikokuwa dhaifu. Goti lilipokataa, ukahamia benchi, ukawa Kocha. Tulijua hali ya mchezo kwa kutazama maganda ya mbegu za alizeti ulizotafuna, yaliyorundikana miguuni pako. Siku tuliyoshuka daraja yalikufika vifundoni.

“Kipa anayeruka kabla mpira haujapigwa aende sarakasi!” uliwafokea vijana. Lakini kipa kijana Dorel alipopitishwa mpira katikati ya miguu mbele ya mji mzima, hukumfokea. Ulimleta nyumbani, ukamwekea supu ya maharage.

“Kunywa, mwanangu. Mimi nilishafungwa na mpira uliogonga bata.”

“Bata wa nani, Kocha?”

“Wa kasisi. Refa angelikataaje bao?”

Dorel alicheka mpaka supu ikamtoka puani. Bado ndiye kipa wetu.

Mkeo, Bibi Filofteia, hajacheka hivyo mwaka huu. Nguo zako amezigawa sadaka, kama desturi yetu inavyotaka, kwani anachotoa aliyebaki ndicho anachovaa aliyetangulia. Koti limekwenda, kofia imekwenda, hata soksi. Glavu ndizo zilizomshinda. Zilitundikwa msumarini kando ya mlango, vidole vimejikunja kana kwamba vimeshika mpira, naye kila alipopita alizigusa.

Jumapili, kwenye ibada yako ya mwaka, tulipokwisha kula makaburini ngano ya asali ya kuwakumbuka marehemu, Pantelimon alimsogelea. Ndiye yule jirani aliyekufunga penalti ya fainali, akakukumbusha kila mlipokutana baa.

“Shemeji, mwaka umetimia. Unataka mzee adake kwa mikono mitupu huko?”

“Nyamaza wewe! Umemfunga mara moja, umeimba maisha mazima.”

“Ndiyo maana nataka ajiandae. Mimi nami sichelewi kufika, na nitampigia penalti tena.”

Bibi alifungua mkoba. Glavu zilikuwamo, zote mbili, pamoja na mkate na mshumaa. Alizitazama kitambo. Kisha akampa Pantelimon mkate, mshumaa na glavu moja, ya kushoto.

“Na ya kulia?”

“Hiyo nitampelekea mwenyewe.”

Pantelimon alivua kofia, akasema, “Mungu amrehemu.”

Kwa hiyo, Kocha, ukifungwa upande wa kulia siku hizi, usiwagombeze mabeki. Glavu ya pili itakuja. Ila tunakusihi usimwite aliye nayo, bado tunamhitaji. Simama kwenye mstari wako, ungoje. Wewe ndiye uliyetufundisha kutoruka mapema.

Unakumbukwa na mkeo Filofteia, mwanao Sânziana na mumewe Remus, wajukuu zako Ilinca na Horia, Dorel na vijana wote wa timu, na Pantelimon, aliyesisitiza aandikwe.

Glavu moja iko msumarini. Kila apitaye huigusa.