Kufuli la Asilimia Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Ratiba mpya imeanza! Gridi ndogo tatu – ya zahanati, ya shule, ya kinu – kila moja na sola na betri zake. Mimi hapa ofisini ndiye ninayezipangia: nani achaji saa ngapi, nani amsaidie nani laini kubwa ikikatika. Asilimia thelathini ya betri ya zahanati nimeitia kufuli, isiguswe. Bosi kakunja uso, eti betri iliyolala ni mzigo. Nikajifanya nasoma skrini.

Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu kajifungua! Wiki sita kabla ya siku zake. Mtoto yuko zahanati kwenye mashine ya joto, kilo moja na nusu. Nimekuwa mama mkubwa – sijui nicheke au nilie.

Alhamisi, 6 Machi

Lori limegonga nguzo saa tatu asubuhi. Laini kubwa chali. Gridi zikajitenga zenyewe kama nilivyopanga. Zahanati taa haikupepesa hata kidogo. Nikajipigia makofi.

Halafu nikaona betri ya zahanati inavyoshuka. 41. 38. Nikakumbuka nilivyoandika: isiguswe na yeyote. Yeyote! Hata zahanati yenyewe. Ikifika thelathini umeme unakatwa, mashine ya mtoto inazimika. Nimetia kufuli na mwenye nyumba nikamfungia nje.

Nililifungua kwenye 31. Nikamweleza bosi bila kuficha. Akasema haraka haraka haina baraka, kisha akaniletea maji. Mdogo wangu kwenye simu: wala hawakujua kitu, mtoto kalala zake. Nililia chooni, kwa raha.

Ijumaa, 7 Machi

Nguzo mpya iko njiani – tangu jana iko njiani. Mawingu. Betri ya shule imekwisha, ya zahanati 19.

Nimempigia mwenye kinu, Mama Pumba, nimwombe azime mashine, sola yake yote iende zahanati. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza mtoto ana kilo ngapi. Nikamtajia. Akacheka: hiyo hata mizani yangu haiioni! Kazima. Foleni ikalalamika, nikamsikia anawafokea, mwenye haraka akatwange.

19. 19. Chai imepoa. Bosi kasimama nyuma yangu.

18.

19.

20!