Suti Isiyo na Vifungo

Kwako Dada,

Hatujambo, ila paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa vya Baba. Chuoni nimebakiza muhula mmoja, lakini waliohitimu wanapiga miayo tu mtaani, kwa hiyo nimejaza fomu ya jeshi. Naripoti kesho kutwa. Baba sijamwambia, fomu nimeificha chini ya godoro.

Unaijua desturi yake: suti haiwekei vifungo mpaka mwenyewe aje kuijaribu. Ile ya Kaka ingali ukutani. Alienda jeshini akaishia huko. Leo nimekuta yangu ya mahafali imetundikwa kando yake, imepigwa pasi, haina vifungo.

"Baba, si nipo? Niijaribu basi."

"Utaijaribu ukirudi," akasema, macho kwenye cherehani.

Ni mimi mdogo wako. Begi bado sijalifunga.